Kuchagua mataruma ya reli: soma njia kwanza, bei baadaye

Mtu akiniuliza taruma lipi ni bora, yaani kile kipande kinacholazwa kukingama chini ya reli, namrudishia swali: litalala wapi? Taruma la zege linaloweza kudumu miaka 50 kwenye tuta kavu lenye kokoto za kutosha litapasuka mapema likiwekwa mahali ambapo kokoto ni chache na maji yanatuama. La chuma lililotulia vizuri nyikani huliwa na kutu kwenye udongo wa chumvi. Ndiyo maana orodha ya bei huwa naifungua mwishoni.

Hatua ya 1: Andika hali ya njia

Taruma lina kazi tatu. Linazishika reli mbili zisipanuke wala kukaribiana, linapokea mzigo wa gurudumu na kuutandaza juu ya kokoto, na linazuia njia isisogee pembeni au kwa urefu. Penye ishara zinazotegemea umeme unaopita ndani ya reli kuna kazi ya nne: kuzitenga reli hizo ili umeme usivuke kutoka moja kwenda nyingine.

Kwa hiyo andika upana wa njia (milimita 1,000, 1,067, 1,435 au mwingine), uzito wa ekseli, kasi, ukali wa kona na kina cha kokoto. Andika pia kama reli zimelehemiwa kwa urefu au zimeungwa kwa boliti, kama kuna ishara za umeme, na maji hukaa wapi mvua zikinyesha. Mwisho andika mashine ulizonazo, jambo ambalo wengi hulisahau. Taruma la zege la njia ya milimita 1,435 lina uzito wa kilo 250 hadi 350 hivi. Genge la wafanyakazi lisilo na kifaa cha kunyanyulia halitalibadilisha kwa usalama, hata kama kwenye karatasi ndilo la bei nafuu.

Hatua ya 2: Mbao: angalia mti, kisha dawa

Mbao husamehe mengi. Hunyumbuka kidogo chini ya mzigo, hukatwa na kutobolewa palepale kazini, na behewa likiacha njia, magurudumu huzichubua lakini mara nyingi zinaendelea kushika reli. Marekani, yenye mtandao mrefu sana wa reli, hadi leo imelaza mbao kwenye sehemu kubwa ya njia zake.

Miti migumu kama mwaloni, msaji, jara ya Australia na azobe ya Afrika Magharibi hustahimili mikwaruzo ya reli. Miti laini kama msonobari hutumika pia, ila huhitaji bamba la chuma chini ya reli ili kitako cha reli kisizame kwenye mbao. Kagua ncha za kila taruma. Ufa unaoanzia nchani na kuelekea kwenye mashimo ya misumari utakula upana wa njia baadaye, na ndiyo sababu viwanda vingi hupigilia bamba la meno kwenye ncha kabla mbao haijakauka.

Kuhusu dawa, kreosoti, mafuta meusi ya kuzuia mbao isioze, imetawala tangu John Bethell alipopata hataza yake Uingereza mwaka 1838. Njia yake ilikuwa kunyonya hewa kutoka kwenye mbao ndani ya tangi, kisha kuisukuma dawa kwa shinikizo. Njia ya Rüping, ya mwanzoni mwa karne ya 20, hutanguliza hewa yenye shinikizo. Shinikizo likiachiwa, hewa hiyo hutoka na kuifukuza dawa iliyozidi, kwa hiyo mafuta machache zaidi hubaki ndani. Kwa vyovyote vile, mbao lazima iwe imekauka. Iliyojaa maji haina nafasi ya dawa, na kiwanda kinachoharakisha hapa kinakuuzia taruma lililopakwa rangi nyeusi tu.

Agiza kukata, kuchonga na kutoboa vifanyike kabla ya dawa. Ukitoboa baadaye, umefungua mlango hadi kwenye kiini ambacho dawa haikufika, na maji na mchwa hawahitaji mwaliko wa pili. Ikibidi kutoboa njiani, paka dawa ndani ya shimo kabla ya kupiga skrubu.

Kreosoti ni sumu na inahusishwa na saratani. Vaa glavu, usichome moto mataruma ya zamani, na usiyapeleke kwenye bustani au viwanja vya watoto.

Hatua ya 3: Chuma: uliza maji na umeme

Taruma la chuma ni bati nene lililokunjwa kama hori lililopinduliwa. Ni jepesi, hupangwa moja ndani ya jingine hivyo meli au behewa moja hubeba mengi, na mchwa hawaligusi. Haikushangaza kwamba lilipendwa kwenye reli nyingi za nchi za joto.

Maswali ni mawili. Je, kuna chumvi au unyevu wa kudumu? Kama upo, liache. Je, kuna ishara za umeme kwenye reli? Kama zipo, kila kifungio kinahitaji kizuizi cha umeme, na vizuizi vikichakaa ishara hukwama. Ukilichagua, kumbuka kwamba tumbo lake lazima lijazwe kokoto. Ushindiliaji wa kwanza huacha uwazi ndani, kwa hiyo panga kurudi kushindilia tena baada ya treni kupita kwa muda. Katika ukaguzi, angalia nyufa zinazoanzia kwenye pembe za matundu ya vifungio.

Hatua ya 4: Zege: hapa ndipo pa kukaa

Kwa njia mpya yenye reli ndefu zilizolehemiwa, mara nyingi zege ndilo jibu. Sababu kubwa ni uzito. Ukiyapanga kwa nafasi ya sentimita 60 unapata mataruma 1,667 hivi kwa kilomita. Kila moja likiwa na kilo 300, umelaza tani 500 za uzito unaozuia njia isijipinde jua linapozitanua reli. Mbao 2,000 za kilo 90 zingekupa tani 180 tu.

Aina kuu ni mbili. Ya kwanza ni gogo moja la zege lenye nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kabla zege halijamwagwa. Zege likishakomaa nyaya huachiwa, nazo hulibana kutoka ndani, hivyo ufa mdogo unaofunguka chini ya mzigo hujifunga mzigo ukipita. Nguvu ya zege lenyewe kwa kawaida huwa megapaskali 50 au zaidi. Ya pili ni vipande viwili vya zege vilivyounganishwa kwa pau ya chuma, aina iliyoendelezwa Ufaransa. Hii haina zege katikati la kupasuka, na nyuso zake nne za pembeni hung'ang'ania kokoto vizuri. Udhaifu wake ni pau. Ikiliwa na kutu, au ikipindwa na gurudumu lililoacha njia, upana wa njia unakwenda nayo.

Adui wa gogo moja ni tumbo. Kokoto za chini ya reli husagika na kushuka, taruma linabaki limekalia katikati, na ufa unatokea juu, katikati. Shindilia chini ya reli na uache sehemu ya kati ikiwa laini. Ukiona ufa wa namna hiyo, usikimbilie kulaumu kiwanda. Chimba kwanza uone kokoto zimekaaje.

Kosa linaloweza kuwa la kiwanda ni la ukomazaji wa zege. Ili kalibu zitumike tena haraka, zege hupashwa joto kwa mvuke. Likizidi nyuzi 70 za Selsiasi hivi wakati bado ni changa, madini yaliyopaswa kuundwa mapema huja kuundwa miaka kadhaa baadaye, unyevu ukipatikana, na kulitanua zege kutoka ndani. Taruma linaonekana zima siku ya kupokelewa na linajaa nyufa zilizosambaa kama mistari ya ramani likiwa njiani. Huwezi kuliona hilo kwa macho, kwa hiyo dai rekodi za joto za kila kundi. Muuzaji asiye nazo mimi huachana naye hapo hapo.

Kati ya reli na zege weka pedi isiyochakaa upesi. Pedi ikiisha, maji na mchanga husaga kiti cha reli hadi reli inalala upande.

Hatua ya 5: Plastiki na nyuzi za kioo

Mataruma ya plastiki iliyosagwa upya hayaozi na yana uzito unaokaribiana na wa mbao. Lakini plastiki hutanuka kwa joto kuliko zege au chuma, na huweza kunyong'onyea taratibu chini ya mzigo wa kudumu. Ulizia matokeo ya kupima upana wa njia kwenye joto la juu, na toboa kwanza kabla ya kupiga msumari, la sivyo hupasuka.

Japani ilitengeneza aina nyingine, ya povu gumu la poliurethani lenye nyuzi ndefu za kioo, iliyoanza kujaribiwa njiani mwaka 1980. Hukatwa na kutobolewa kama mbao. Ni ghali, lakini kwenye madaraja, mahandaki na makutano ya njia, ambako kubadilisha taruma moja ni kazi ya usiku mzima, hesabu hukubali.

Hatua ya 6: Usichanganye ovyo

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni taruma moja la zege katikati ya mbao zilizochoka. Hilo moja ni gumu kuliko wenzake, hivyo hubeba mzigo wao na kokoto za chini yake hukandamizwa mapema. Badilisha mbao kwa mbao. Ukihamia zege, hamisha kipande kizima, na mpaka wake uwe kwenye mstari ulionyooka, mbali na ncha ya daraja na maungio ya reli.

Hatua ya 7: Pokea na panga mzigo

Mwagia maji taruma la zege kisha ulisubiri likauke: nyufa nyembamba hubaki na mstari mweusi wakati uso umeshakuwa mweupe. Pima umbali kati ya vishikizo vya reli na mwinamo wa kiti, ambao kwa kawaida ni 1 kwa 20 au 1 kwa 40 kulingana na muundo wa njia. Mbao zigonge kwa nyundo. Mlio mkavu ni mzuri, mlio mzito wa kufa unaashiria kuoza ndani.

Unapopanga zege, weka vipande vya mbao chini ya viti vya reli, kila safu juu ya nyingine kwa mstari mmoja wa wima. Kipande kikiwekwa katikati, safu za juu zitalivunja la chini kabla halijafika njiani. Kabla ya kusaini, nakili mwaka na namba ya kalibu iliyochapwa kwenye kila kundi, pamoja na kilomita litakakolazwa.