Kabla Mto Nyando Haujafura, Hesabu Wanaolala Nyumbani

Hesabu wanaolala hapo usiku wa leo, si wanaokuja Krismasi. Kila mtu lita nne za maji kwa siku. Watu sita kwa siku tatu ni lita 72, yaani jerikeni nne za lita 20. Zijaze mapema, maana kisima kikishafunikwa na mafuriko, maji yake yana choo ndani.

Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki viweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza. Mwenye presha, sukari au ARV awe na akiba ya wiki mbili. Tochi na redio ya betri.

Sasa jambo linaloangusha boma nyingi za Kano, kando ya Nyando, na Budalangi, kando ya Mto Nzoia: onyo la mafuriko linafika kwa mtu asiyekuwepo. Simu nzuri anayo kijana aliyesoma, na yuko Nairobi. Nyumbani kuna nyanya na wajukuu. Ujumbe unasema milimita 40 za mvua ndani ya saa 24. Ni lita 40 kwenye kila mita mraba ya ardhi, lakini nani amemweleza? Nyanya anatazama nje, jua linawaka Ahero. Mvua imenyesha milima ya Nandi, na mto unaileta usiku. Wa Budalangi vilevile: Nzoia hubeba mvua ya Cherangany na Mlima Elgon.

Kwa hiyo msiache uamuzi kwenye simu. Pakeni rangi mti wa ukingoni: maji yakifika njano, mifugo na wazee wanaondoka; yakifika nyekundu, kila mtu anatoka bila kungoja ruhusa ya baba. Muulizeni nyanya alama ziwe wapi. Anakumbuka maji ya Elinino ya 1997 yalifika mlango gani, na elimu hiyo haiko kwenye cheti cha mtu. Mtoto wa gredi ya sita aitazame alama kabla giza halijaingia, akiwa na mtu mzima, na asome ujumbe kwa sauti kwa lugha ya nyumbani. Asiyeweza kutembea apangiwe mbebaji kwa jina, na mbebaji mwenyewe aambiwe.

Wanaokaa chini ya tuta la kuzuia mto wasingoje alama. Tuta likianza kutoa maji ya matope upande wa nyumba, udongo wa ndani unaliwa. Ondokeni saa hiyo hiyo.

Zimeni swichi kuu mkiwa bado pakavu. Msivuke maji yanayokimbia hata yakiwa ya magoti. Mkirudi, pekueni matandiko kwa fimbo, nyoka hukimbilia pakavu. Mtoto akiharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, huku mkimpeleka kituo cha afya. Na choo kilichozama msikikaribie, kuta zake huporomoka hata baada ya maji kushuka.