Kusoma picha ya askari wa zamani: anza na miguu, kofia baadaye

Nyumba nyingi za zamani Tabora, na hata kule Ujiji, zina picha moja ya babu aliyesimama kikakamavu ndani ya kaki, nyuma haina mwaka wala jina. Wenyewe watakuambia tu "alikuwa Keya", yaani askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza la Waafrika. Inawezekana. Lakini reli ya kati ilileta huku majeshi ya kila namna: Wajerumani, Wabelgiji walioingia Tabora Septemba 1916, Waingereza, kisha jeshi letu wenyewe. Sare ndiyo itakayokuambia babu alikuwa wa nani.

Unahitaji lensi ya kukuzia, simu yenye kamera nzuri, kitambaa cheusi na penseli laini. Osha mikono, ikauke kabisa. Kama picha imegandana na kioo cha fremu usiibandue, itachanika usoni. Ipige humohumo ndani. Iweke mezani karibu na dirisha, zima flashi, shika simu sambamba na picha, na mtu mwingine ainue kitambaa cheusi upande unaoleta mng'aro kwenye kioo. Piga moja nzima, halafu nne za karibu: kofia, mabega, mikono na miguu. Kama kuna skana mjini, omba nukta 600 kwa inchi. Chini ya hapo, herufi za beji zinageuka ukungu ukikuza.

Kabla ya kusoma chochote, tazama vifungo vya koti. Kwa mwanamume, upande wa kushoto wa mvaaji hulalia ule wa kulia. Ukiona kinyume chake, fundi studio aligeuza negativu, na kila utakachosema kuhusu mkono wa kulia au wa kushoto kitakuwa kinyume. Jambo la pili ni rangi. Filamu za zamani zilikuwa haziioni nyekundu, kwa hiyo fezi (tarbushi) nyekundu hutokea nyeusi tii, na buluu hutokea imepauka. Watu wengi wameandika "kofia nyeusi" nyuma ya picha kwa sababu hiyo tu.

Sasa miguu. Tunaanza hapa kwa sababu katika Vita vya Kwanza kofia za askari wa Mjerumani na za Keya zilifanana mno. Askari wa Mjerumani alivaa kofia ngumu iliyofunikwa kaki, na kitambaa kikaning'inia nyuma kukinga shingo na jua. Keya naye alikuwa na kofia fupi ya duara ya kaki, yenye kitambaa kama kile kile. Kwa mbali huwezi kuwatenganisha. Lakini askari wa Mjerumani kwa kawaida alikuwa na viatu, na juu yake kitambaa kilichozungushwa mpaka chini ya goti. Keya wa miaka ile alizungushiwa kitambaa vivyo hivyo, ila nyayo zilikuwa peku. Ukikuza vidole vya miguu vikaonekana, umeshapunguza nusu ya kazi. Viatu vilikuja kuzoeleka kwa Keya baadaye, na katika Vita vya Pili utawaona pia na ndara za ngozi.

Ukimaliza miguu, rudi kwenye kofia ukiwa na lensi. Tafuta tai wa chuma mbele: huyo ni wa Mjerumani. Kisha mkono wa kushoto wa mvaaji. Askari wa Mjerumani walivaa tepe nyekundu za cheo hapo (kwenye picha zitakuwa za giza): ombasha moja, shaushi mbili, bashaushi tatu, soli nne. Majina hayo ya vyeo ni ya Kituruki, yaliletwa na askari waliotoka Misri na Sudani, na wazee wengine bado wanayakumbuka bila kujua yalikotoka. Babu akiitwa "Soli" na picha ina tepe nne, usitafute zaidi.

Fezi tupu, isiyo na kifuniko, ndiyo inayopoteza wengi. Keya aliivaa kwenye gwaride. Askari wa Kongo ya Wabelgiji walivaa fezi pia, na Kigoma ilibaki mikononi mwa Wabelgiji mpaka 1921, kwa hiyo picha ya Ujiji yenye fezi isikufanye umtaje Mwingereza harakaharaka. Na si kila mwenye fezi ni mwanajeshi. Tarishi wa boma naye alikuwa nayo. Tazama mabega: herufi za chuma KAR, pengine na namba 6, ambayo ndiyo batalioni ya Tanganyika, zinamaliza ubishi.

Kofia ya pama, ile ya ukingo mpana, inakupeleka Vita vya Pili. Hapo angalia nguo. Kaki ya pamba ilifaa Ethiopia na Somalia, lakini haikufaa msitu wa Burma, ambako majeshi yalihamia kijani. Picha nyeusi na nyeupe haikuonyeshi kijani moja kwa moja, ila linganisha shati na mkanda: shati la kaki hupauka, la kijani hukaribia giza la mkanda wenyewe. Si kipimo cha uhakika, lakini ni bora kuliko kubahatisha. Kofia ya chuma ya Mwingereza wakati huo ni bapa kama karai lililopinduliwa. Kofia za siku hizi, za nyuzi zilizoshindiliwa badala ya chuma, hushuka mpaka kwenye masikio. Karai na masikio: mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzitofautisha.

Ikiwa kuna beji yenye taji, ikuze mpaka mwisho. Matao ya taji yakipanda kama kuba, ni la Mfalme, yaani beji ya kabla ya kifo cha George wa Sita mwaka 1952. Yakibonyea katikati, ni la Malkia Elizabeth, kwa hiyo baada ya hapo. Desemba 1961 Keya wa Tanganyika wakawa Tanganyika Rifles, batalioni moja Dar es Salaam na nyingine hapa Tabora, kambi ya Kalewa, jina lililotoka Burma. Maasi ya Januari 1964 yalilimaliza jeshi hilo, na JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ikaanzishwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Kwa hiyo picha ya Tanganyika Rifles ina dirisha jembamba, miaka miwili na ushei. Ukiipata, itunze.

Baada ya hapo ni bereti na kombati, kisha mabakamabaka. Bereti au kofia ya buluu ni ya Umoja wa Mataifa, ulioanza kuitumia 1956. Kwa askari wetu mara nyingi ni Darfur, au Kongo kuanzia 2013.

Kosa linaloharibu kazi yote ni kuipa picha mwaka kamili kwa sababu ya kofia. Nguo hukuambia "si kabla ya", haikuambii "si baada ya". Mtu aliyestaafu 1946 aliweza kwenda studio 1955 na pama lake lilelile. Andika "baada ya 1939", mpaka kitu kingine, kama muhuri wa studio, kikufungie upande wa pili.

Kama ndani ya sanduku kuna sare yenyewe, usiivae wala usimpe mtoto aigize nayo, hata iwe imechakaa. Sheria hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi, na Agosti 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba kuzisalimisha. Ya JWTZ ipeleke kituo cha polisi au kambini.

Mwisho, andika nyuma ya picha kwa penseli, ukingoni, bila kukandamiza: ulichokiona kwanza, unachokisia baadaye. "Peku, kofia ya kaki yenye kitambaa cha shingo, tai haonekani, huenda Keya wa Vita vya Kwanza." Kalamu ya wino hupenya mpaka usoni. Usiilaminishe, usiitie selotepu. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, ndani ya bati lenye kifuniko, juu ya kabati mbali na ukuta, maana mchwa wa Tabora hupanda kwa ukuta.