Somo: Kutembea ufukweni vitwitwi wanapoatamia

Aprili imeingia, na matembezi yetu ya majira ya machipuko ni yale yale ya Crane Beach, Ipswich, hapa Massachusetts. Mwaka huu wengi ni wageni, kwa hiyo naandika hatua kwa hatua. Tunakwenda kumwona kitwitwi mdogo ambaye vibao vya pale vinamwita Piping Plover. Ana gramu 50 hivi, na hutaga juu ya mchanga mtupu, mahali pale pale watu wanapotandika mataulo yao.

Mwaka 1986, alipoanza kulindwa na sheria ya Marekani ya viumbe walio hatarini, jimbo hili zima lilikuwa na jozi zipatazo 140. Leo zimepita 1,000. Wamerudishwa na watu waliofunga kamba, waliokesha na viota, na waliokubali kupita mbali. Nawaomba tuwe miongoni mwao.

Hatua ya 1: Tazama maji. Tunaanza asubuhi maji yakiwa yanakupwa. Viota viko juu ya mstari wa mwani, kuelekea kwenye matuta ya mchanga. Maji yakipwa tunapata mchanga mpana na mgumu huku chini, mbali nao. Siku za bamvua maji yakijaa njia hiyo humezwa, na wakati mwingine viota pia. Siku hizo hatuendi.

Hatua ya 2: Acha nyumbani. Mbwa haruhusiwi Crane kuanzia Aprili hadi mwisho wa Septemba, hata akiwa mpole. Tiara pia iache, maana ndege huiona kama mwewe. Droni vilevile. Beba darubini, maji na soksi ndefu, kwa sababu majani ya kwenye matuta yana kupe.

Hatua ya 3: Tembea palipolowa. Usikanyage mwani uliotupwa na maji. Wadudu waliomo ndio chakula cha vifaranga, na vifaranga hawalishwi na wazazi: saa chache tu baada ya kuanguliwa wanajitafutia wenyewe. Wakiogopa hawakimbii. Wanalala bapa, hata ndani ya alama ya mguu au ya tairi, na hapo jicho haliwaoni.

Hatua ya 4: Sikiliza kwanza. Utasikia mluzi laini kabla hujaona chochote. Kisha tafuta miguu ya rangi ya chungwa na ukosi mweusi shingoni. Mwezi Mei hupita kitwitwi mwingine anayefanana naye sana. Mimi huwatofautisha hivi: wetu ana rangi ya mchanga mkavu, mpita njia ana rangi ya mchanga uliolowa.

Hatua ya 5: Mwachie ndege apime umbali. Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote. Kamba zinasaidia, lakini ndege hasomi kamba. Akianza kulia mfululizo, akikimbia na kusimama, akitikisa kichwa, umeshakaribia mno. Akiburuta bawa kama limevunjika, anakuvuta umfuate ili uache mayai. Mara yangu ya kwanza nilimwonea huruma nikamfuata hatua nyingi, nikidhani ameumia. Muda wote huo mayai yalikuwa peke yake kwenye upepo wa Aprili. Sasa nikiona bawa hilo nasimama, natazama chini, narudi nilikotoka.

Hatua ya 6: Mabaki ya chakula yarudi nawe begani. Yakibaki huita shakwe na kunguru, nao hula mayai.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nikikuta yai moja nje ya kamba, si limetelekezwa?*
Marahaba. La, mwanangu. Kwa kawaida hutaga manne, na hayatagwi siku moja. Huenda umekuta la kwanza. Usiliguse wala usiweke alama karibu nalo. Rudi kwa nyayo zako mwenyewe, kisha mweleze mlinzi wa ufukwe.

*Niliona kiota kimezungushiwa wavu wa waya. Mama anatokaje?*
Matundu yanampitisha yeye akitembea, lakini mbweha na kunguru hawapiti. Baba pia hupita hapo, kwani wanapokezana kuatamia kwa takriban wiki nne.

*Naweza kuja na mtoto wa miaka sita?*
Njoo naye. Mpe kazi ya kusikiliza mluzi. Watoto huusikia kabla yetu.

*Mimi nimekulia Malindi, ufukweni kabisa, na sijawahi kuona kiota cha kitwitwi. Hawapo kwetu?*
Wapo, dada yangu. Pwani yetu ina kitwitwi mwenye paji jeupe, naye hutaga mchangani vivyo hivyo. Akishtuka huyafukia mayai yake kwa mchanga kabla ya kuondoka, ndiyo maana hukuona kitu. Ukienda likizo, kaa mbali na palipo pakavu juu ya mwani, tulia kwa darubini, umsubiri arudi mwenyewe. Atakuonyesha kiota kilipo.