Kujiunga na parokia ya Episkopali Marekani: kutoka Jumapili ya kwanza hadi jina lako liingie daftarini

Mama mmoja niliyemsindikiza mwaka jana alikuwa na miaka minne katika parokia yake. Jumapili hakosi, sadaka anatoa, mikeka ya watoto wa shule ya Jumapili anaifua yeye. Siku ya mkutano mkuu wa mwaka alinyoosha mkono kupiga kura, karani akapekua orodha, jina halimo. Alirudi kukaa kimya, na mimi niliyekaa naye benchi moja niliumia sana. Hakuna aliyemfukuza, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuhudhuria ni jambo moja na kuandikwa ni jambo lingine. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wenzake, hasa tuliokulia Kanisa Anglikana Afrika Mashariki.

Hatua ya 1: Jua unaingia wapi

Kanisa la Episkopali ndilo jimbo la Ushirika wa Kianglikana nchini Marekani. Kibao kilichoandikwa "Anglikana" pekee mara nyingi ni cha kanisa lingine, lililoundwa 2009 na waliojitenga nalo. Uliza kabla hujazoea.

Jua pia kwamba hapa wanawake ni makasisi (kanuni ilibadilishwa 1976) na ni maaskofu, na kwamba tangu 2015 kanisa hili linaruhusu ndoa za jinsia moja. Baada ya kanisa hili kumweka wakfu askofu anayeishi na mwanamume mwenzake, mwaka 2003, makanisa kadhaa ya kwetu yalitangaza kwamba ushirika wao nalo umevunjika au umejeruhiwa. Nalisema mapema kwa sababu litakugusa kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 2: Jumapili ya kwanza

Parokia nyingi zina ibada mbili, ya asubuhi na mapema isiyo na nyimbo, na ya saa nne au karibu na hapo, yenye kwaya. Watu watakushauri uanze na ile fupi. Mimi nasema nenda ile ya kwaya. Ya mapema watu hutawanyika haraka, na wewe unahitaji watu.

Kaa nyuma ya mtu mzima anayeonekana mwenyeji, usikae mbele. Akisimama simama, akipiga magoti piga. Kwenye benchi utakuta Kitabu cha Sala cha 1979 na kitabu cha nyimbo, ambacho mara nyingi ni cha buluu. Siku hizi karatasi ya ibada huchapisha karibu kila kitu, lakini shika Kitabu chenyewe. Ekaristi ya Kiingereza cha zamani huanza ukurasa wa 323, na ile ya Kiingereza cha leo, ambayo ndiyo utakayoikuta zaidi, ukurasa wa 355. Imani ya Nikea iko 358, maungamo 360, Baba Yetu 364. Ndani ya miezi miwili vidole vitakuwa vinafika vyenyewe, na utagundua kwamba ibada ni ileile uliyoikariri utotoni.

Wimbo wenye herufi S mbele ya namba umo sehemu ya mwanzo ya kitabu cha nyimbo. S 96 si wimbo wa 96.

Hatua ya 3: Mezani na baada ya ibada

Kama umebatizwa, karibia Meza ya Bwana. Kiganja cha kulia juu ya cha kushoto, pokea mkate, kisha kikombe. Usipotaka kunywa, kunja mikono kifuani kikombe kinapofika; mkate peke yake ni ushirika kamili. Kama hujabatizwa, kunja mikono hivyohivyo tangu mwanzo, kasisi atakubariki.

Baada ya ibada kuna kahawa. Baki. Dakika ishirini tu zinatosha. Jaza kadi ya wageni, na muulize kasisi: "Nikuiteje?" Wengine wanapenda kuitwa Baba au Mama, wengine jina lao la kwanza tupu, na kwetu sisi hilo la mwisho huuma ulimi. Ukishaambiwa, liite bila hofu.

Hatua ya 4: Karatasi

Hapa ndipo nilipopoteza muda wangu mwingi, wa kwangu na wa watu niliowasaidia.

Kwa kanuni za kanisa hili, mshiriki ni mtu aliyebatizwa ambaye ubatizo wake umeandikwa katika kanisa hili. Mshirika wa mezani ni mshiriki aliyepokea Ushirika Mtakatifu angalau mara tatu katika mwaka uliopita, na anahesabiwa mtu mzima akifikisha miaka 16. Kila kitu kinaanzia kwenye lile neno "umeandikwa".

Kwa hiyo usimwambie karani wa ofisi, "Nataka kujiunga." Atakupa fomu ya barua pepe za matangazo, na utadhani umemaliza. Mwambie: "Nataka ubatizo wangu uandikwe kwenye daftari la parokia." Mtaelewana.

Ukiwa na cheti cha ubatizo, piga nakala, chini yake andika tafsiri ya Kiingereza mwenyewe, peleka. Cheti halisi kibaki kwako. Majina yakitofautiana na pasipoti (cheti kinasema Yohana mwana wa Mashaka, pasipoti inasema John Mashaka Lugendo), ambatanisha maelezo mafupi yenye sahihi yako kwamba huyo ni mtu mmoja. Fanya hivyo kabla hujaulizwa.

Kama cheti kimepotea, usitegemee barua pepe. Nilituma tatu kwa niaba ya kijana mmoja, tukangoja miezi mitano, kimya. Kilichofanya kazi ni shangazi yake kutembea hadi ofisi ya kanisa siku ya katikati ya wiki, akiwa na barua mkononi. Daftari lilifunguliwa mbele yake, jina likapatikana ukurasa wa pili waliougusa, kwa sababu barua ilitaja mwaka na msimu. Barua yenyewe ilikuwa hivi:

*Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni (jina), mtoto wa (baba) na (mama). Nilibatizwa hapo kanisani mwaka (…), karibu na Pasaka. Kasisi wa wakati huo alikuwa (…), na msimamizi wangu wa ubatizo (…). Naomba jina langu litafutwe katika daftari la ubatizo, niandikiwe uthibitisho wenye tarehe, muhuri na sahihi. Aliyeleta barua hii ni (…), ndiye atakayeuchukua. Asante, Mungu awabariki.*

Angalia kwamba barua inaomba uthibitisho wa ubatizo, haiombi uhamisho. Barua ya uhamisho ni nzuri ukiipata, lakini kasisi wa nyumbani anaweza kusita kuiandika kwa sababu ya ule mpasuko niliotaja. Kuthibitisha kwamba ulibatizwa hakumtii matatani hata kidogo. Usimlazimishe mzee wa watu achague upande.

Daftari likiwa limeungua au kuliwa na mchwa, mweleze kasisi wa hapa waliokuwepo na wanachokumbuka. Ikibaki shaka ya kweli, Kitabu cha Sala kina ubatizo wa sharti, ukurasa wa 313: "kama hukubatizwa…" Usikubali kubatizwa upya kabisa wakati unajua ulibatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Ubatizo ni mmoja, haijalishi ulibatizwa na Wakatoliki, Walutheri au Wapentekoste.

Kipaimara: ulichopewa na askofu wa Kianglikana au wa Kikatoliki hakirudiwi. Aliyetoka Ukatoliki hupokelewa na askofu anapozuru parokia. Wengine hupewa kipaimara siku hiyohiyo, kwa hiyo uliza mapema tarehe ya askofu.

Mwisho wa yote, nenda ofisini uombe kuona mstari wako daftarini. Si utovu wa adabu. Yule mama tulipomwonyesha wake, aliugusa kwa kidole herufi kwa herufi.

Hatua ya 5: Ahadi

Majira ya vuli utapewa kadi ya ahadi ya matoleo ya mwaka. Andika unachoweza kweli, hata kama ni kidogo. Hali ikibadilika, mwambie mhazini. Bajeti hupangwa kwa kadi hizo, kwa hiyo ahadi ndogo inayotimizwa inasaidia kuliko kubwa ya aibu.

Hatua ya 6: Chukua huduma moja

Moja tu. Wageni hupewa kupokea watu mlangoni au kupamba madhabahu, na zote ni njema, ila mimi humshauri kila mtu aombe kusoma somo. Lafudhi isikuzuie; parokia inahitaji kusikia Maandiko kwa sauti yako. Omba somo wiki mbili kabla, lisome nyumbani kwa sauti, ukiwa umesimama, mara tano. Siku yenyewe, ukimaliza na kutamka kwamba hilo ni Neno la Bwana, usiondoke. Subiri waitikie, ndipo ushuke.