Kupima wanga kwenye jani: kazi kubwa iko kabla ya aidini

Jani likikataa kubadilika rangi, wanafunzi wengi hulaumu aidini, dawa ya kahawia inayoonyesha wanga. Mara nyingi aidini ni nzima. Jani ndilo halikuandaliwa.

Tafuta jani laini, kama la maharage au hibiskasi. La mgomba lina nta inayozuia dawa kupenya, na la kitunguu huweka akiba ya sukari badala ya wanga. Lichume alasiri, likiwa limepigwa jua kwa muda wa saa 4 au zaidi. Jani la alfajiri limeshatumia sehemu kubwa ya wanga wake usiku.

Litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika 1 hadi 2. Joto huua seli na kuharibu utando wake, hivyo aidini hupata njia ya kuingia. Likitoka bado gumu, lirudishe.

Sasa spiriti, ya kuondoa rangi ya kijani. Hapa ndipo watu huungua, kwa hiyo soma mara mbili. Mvuke wa spiriti ni mzito kuliko hewa: hutambaa mezani usiuone mpaka ufikie moto, kisha moto hurudi nao hadi kwenye neli (bomba dogo la kioo la majaribio) yenye spiriti. Usiweke spiriti juu ya sigiri hata kidogo. Chemsha maji nje, yaepue, yapeleke mbali na moto wowote, ndipo usimamishe humo neli yenye jani na spiriti ya kulifunika.

Maji hayo yanatosha. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 hivi za Selsiasi. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Spiriti nayo huchemka chini kidogo ya 78. Kabale, mji wa milimani kusini-magharibi mwa Uganda, ni juu zaidi, basi maji yake huanza na joto pungufu: tumia chombo kikubwa ili yasipoe upesi. Spiriti itatoa mapovu na kugeuka kijani, jani libaki jeupe-manjano. Mapovu yakikoma kabla ya hapo, badilisha maji ya moto. Spiriti ikishika moto, funika mdomo wa chombo kwa kitambaa kibichi. Usiimwagie maji, yatasambaza moto.

Jani litakuwa kavu na litavunjika ukilikunjua. Lichovye kwenye maji ya uvuguvugu, lilainike, kisha litandaze kwenye sahani nyeupe na udondoshee aidini.

Aidini peke yake haiyeyuki vizuri majini. Yeyusha gramu 2 za potasiamu aidaidi, chumvi inayoisaidia kuyeyuka, kwenye maji kidogo, ongeza gramu 1 ya aidini, koroga, kisha jaza maji hadi mililita 100. Ikiwa nzito mno, kila kitu kitaonekana cheusi, izimue.

Wanga ukiwepo, kahawia ya aidini hugeuka bluu-nyeusi. Usipokuwepo, hubaki kahawia. Kwenye mtihani wa UNEB (baraza la mitihani la Uganda) andika kwanza rangi uliyoiona, halafu hitimisho: "wanga upo" si kitu ulichokiona.

Ukitaka kuonyesha kwamba mwanga unahitajika, weka mmea gizani saa 48 kwanza ili wanga wa zamani uishe, kisha funika sehemu ya jani kwa karatasi ya foili pande zote mbili, likiwa bado kwenye mmea, na uuweke juani. Ukiruka lile giza, sehemu iliyofunikwa nayo itageuka bluu-nyeusi na jaribio halitathibitisha lolote.