Leni za tozo Virginia: hakikisha anwani yako

Ndugu mnaohamia upande wa Virginia, karibu na Washington, kabla hamjaingia leni za tozo za barabara kuu za I-66 au I-495, tazameni kwanza anwani iliyo kwenye usajili wa gari. Kule Nairobi Expressway unalipa, kizuizi kinainuka, yameisha. Huku hakuna kibanda wala kizuizi. Usipokuwa na kidude cha E-ZPass, kinacholipa tozo chenyewe ukipita, kwenye kioo, kamera inasoma namba ya gari na deni linakufuata kwa posta.

Hapo ndipo nilipoumia. Nilikuwa nimehama, barua zikawa zinakwenda fleti ya zamani, na kila moja isiyojibiwa ikazaa faini. Deni liliponifikia, tozo yenyewe ilikuwa sehemu ndogo tu. Ukihama, badilisha anwani kabla hujapanga hata viti. Deni likilala, Virginia wanaweza kukataa kukuhuishia usajili wa gari. Anwani, ndugu zangu, anwani!

E-ZPass unaagiza mtandaoni, unaandikisha namba ya gari na kuweka kadi ya benki. Kadi ikiisha muda, weka mpya siku hiyo hiyo, la sivyo ni yale yale.

Na wewe shemeji unayesema "nimepita wala hakuna aliyeniuliza": subiri, utaulizwa. Bei nayo haikai mahali pamoja, inapanda kadiri foleni inavyokua. Tozo za I-66 zilipoanza Desemba 2017, kipande cha kama maili 10 kilifika dola 40. Soma ubao kabla ya kuingia. Bei unayoikuta pale ndiyo utakayokatwa.

Mkiwa watu watatu garini mnapita bure, watoto wakihesabiwa, ila lazima muwe na E-ZPass Flex, ile yenye swichi, na swichi iwekwe HOV, yaani gari lenye abiria kadhaa. Anayekwambia wawili wanatosha I-66 anasimulia mambo ya kabla ya Desemba 2022.

Mimi naona si haki mama anayetoka zamu ya usiku kulea wazee alipe sawa na wakili. Wenyeji wameshazoea kuununua muda, na mashine haina sikio la kusikiliza shida ya mtu.

Halafu kuna matapeli wanaotuma ujumbe wa simu wakidai tozo. FBI ilionya mwaka 2024. Usibonyeze kiungo chochote. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya E-ZPass uangalie kama kweli unadaiwa.