Peni za Zamani za Marekani: Kabla Hujamwaga Lile Kopo

Wengi wetu tunaoishi Marekani tuna kopo la peni, zile sarafu za senti moja, nyumbani. Chenji ya dukani inaingia mfukoni, jioni inatupwa humo, miaka inapita. Langu lilikuwa kopo la kahawa, juu ya friji. Sasa serikali imeacha kutengeneza peni za matumizi ya kawaida, na za mwisho zilitoka kiwanda cha Philadelphia tarehe 12 Novemba 2025. Watu wanazibeba kuzimwaga kwenye mashine za kuhesabia chenji, zile zinazokata ada. Subiri kidogo. Zimwage mezani kwako kwanza, chini ya taa nzuri.

Anza na upande wa nyuma, si wa kichwa. Ukiona masuke mawili ya ngano yamesimama kulia na kushoto, hiyo ni ya kati ya 1909 na 1958. Iweke pembeni. Ukiona jengo lenye nguzo, ni ya 1959 hadi 2008, na nyingi za hizo thamani yake ni senti moja ileile. Zenye ngao ni za 2010 kuja huku. Na ukibahatika kukuta upande wa mbele kichwa kilichovaa taji la manyoya badala ya kile cha Rais Lincoln, umeshika peni ya kati ya 1859 na 1909. Hata iliyochakaa kabisa huwa haikosi dola moja hivi.

Niseme ukweli mapema, maana video za mitandaoni zinawapa watu wetu matumaini ya bure: peni ya ngano ya kawaida, wenye maduka ya sarafu huinunua kwa senti chache tu. Uzee peke yake haulipi. Kinacholipa ni mwaka, herufi na hali ya sarafu, vyote kwa pamoja.

Herufi ya kiwanda iko chini ya mwaka, ndogo kama punje ya mtama. D ni Denver, S ni San Francisco, na pasipo na herufi kwa kawaida ni Philadelphia. Mwaka 1909 peni za kwanza za Lincoln zilitoka na herufi V.D.B. chini kabisa upande wa ngano, yaani Victor David Brenner, aliyeichora. Za Philadelphia zilikuwa karibu milioni 28, na leo iliyotumika unaipata kwa dola kumi na kitu. Za San Francisco, zenye S, zilikuwa 484,000 tu. Hiyo hata ikiwa imechakaa inauzwa mamia ya dola. Herufi moja tu!

Kwa sababu hiyo matapeli nao wana kazi. Peni ya 1914 yenye D ni adimu, basi wanachukua ya 1944 yenye D na kuikwangua 4 ya kwanza mpaka isomeke 1. Shika lenzi, tazama ukingo chini ya bega la Lincoln. Herufi VDB zilirudishwa hapo mwaka 1918. Ukizikuta kwenye sarafu inayojiita ya 1914, mrudishie mwenyewe.

Mwaka 1943 shaba ilihitajika vitani, peni zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Zina rangi ya kijivu na ni nyingi mno, msidanganywe. Chache sana zilitoka kwa shaba kwa makosa, na hizo ndizo zinazofika dola laki moja na kuzidi. Ukiletewa ya rangi ya shaba, isogezee sumaku. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa shaba. Isiponasa, ipime: ya kweli ina gramu 3.11 hivi. Hata hapo huenda ni ya 1948 iliyokatwa namba 8 ikawa 3, kwa hiyo usilipe kitu kabla wataalamu hawajaiona.

Ya 1955 yenye maandishi yaliyojirudia, mwaka ukionekana mara mbili kwa macho bila lenzi, nayo ni mali.

Sasa hili nawaomba sana: msizisafishe. Nyumbani Tanga tulikua tukisugua sinia za shaba kwa ndimu na majivu hadi zing'ae, na mkono wangu ulifanya hivyohivyo kwa peni ya 1931 yenye S, nikidhani naipandisha bei. Ikawa ya waridi, imepauka, na mikwaruzo myembamba shavuni mwa Lincoln. Muuzaji aliinamisha chini ya taa mara moja tu, akanitajia chini ya nusu ya ambayo ningepata. Ile rangi ya kahawia iliyojijenga miaka mingi ndiyo mnunuzi anayoitaka. Ishike kwa ukingo, itie kwenye kibahasha cha karatasi, basi.

Ukitaka bei, usitazame anachoomba muuzaji mtandaoni. Tazama zilizokwisha kuuzwa. Nenda kwa wauzaji wawili au watatu, na ujue watakupa chini ya bei yao ya kuuzia, maana nao wana kodi ya duka. Kuipeleka kwa kampuni za kukagua sarafu, PCGS au NGC, ipimwe ubora na kufungwa kwenye plastiki kunagharimu makumi ya dola, kwa hiyo peleka ile tu inayostahili.

Na wanaorudi nyumbani na kopo zima: kanuni za Marekani zinakataza kuyeyusha peni, na msafiri anaruhusiwa kutoka nazo za thamani ya dola 5, au hadi dola 25 ikiwa wazi kwamba ni za mkusanyaji. Peni 500 za shaba, za kabla ya 1982, ni zaidi ya kilo moja na nusu begini, nawe bado hujafunga nguo za watoto.